Kipimo cha Mkono wa Bi Shekha

Mgonjwa wa alasiri ile hakulia, na hilo lilimtia Bi Shekha wasiwasi kidogo. Katika miaka thelathini na minne ya kuunga mifupa pale Mambrui alikuwa amewaona makuli, wavuvi, hata askari mmoja mwenye kitambi, wakimwita mama yao kabla hajawagusa. Mwanamke huyu alikaa mkekani, buibui mpaka kidevuni, akaunyoosha mkono wa kulia kana kwamba anampa jirani chumvi.

"Umeanguka wapi, mwanangu?"

"Sikuanguka. Haukutengenea vizuri."

Alikuwa ameingia kwa hodi tu, bila salamu. Bi Shekha aliliona hilo, akalipuuza. Adabu imeadimika siku hizi, na angewafukuza wote wasio na adabu, angebaki na wagonjwa wawili. Isitoshe, mama yake alimwachia usia: mkono ukija kwako, ushike.

Akaushika. Ulikuwa baridi, na ulinuka kama msumeno wa buchani ukishakata mfupa. Dole gumba lake likashuka njia liliyoizoea, toka begani hadi kwenye kiwiko, kisha kigashani, pale penye mifupa miwili inayolala ubavu kwa ubavu mpaka kwenye kifundo. Wengi hawaijui thamani ya mifupa ile. Kiganja kikitazama juu, imelala sambamba. Kikitazama chini, mmoja humpanda mwenzake. Bila hiyo hukamui nguo, humimini chai, wala huinui viganja kuomba dua.

Kigasha cha mwanamke huyu kilikuwa na mfupa mmoja.

"Geuza kiganja," Bi Shekha akasema.

Kikageuka. Ngozi ilizunguka, na ndani yake mfupa haukutikisika. Akaomba mkono wa pili, nao ulikuwa vivyo hivyo.

Mkono mbovu hupimwa kwa mwenzake mzima. Bi Shekha huulaza ukindu, ukanda wa jani la kusukia mikeka, juu ya ule mzima, hufunga fundo penye kiwiko, penye kifundo na penye mzizi wa kila kidole, kisha hukata mabanzi ya kufungia kwa kipimo hicho. Hapa hapakuwa na mzima. Mwenye akili angesema nenda hospitali. Bi Shekha alikuwa na akili, ila alikuwa na kiburi pia, kile cha fundi asiyetaka isemwe kuna kazi iliyomshinda.

"Nitakupimia kwangu," akasema, akautandaza ukindu juu ya mkono wake wa kulia.

Mwanamke akasogea. "Huo mfupa wa pili unakaa wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

Hakuna mgonjwa aliyewahi kumuuliza swali hilo, na Bi Shekha alifurahi. "Huu hapa, upande wa gumba. Huu ndio unaozunguka. Na hapa kwenye kifundo mna vifupa vinane, kama kokoto mfukoni."

Alipovihesabu kimoja kimoja, ndani ya mkono wa lile buibui kilisikika kitu kikialika kama kiungo cha kidole, ta, ta, ta, mara nane.

Binti yake, Sumeiya, anayesomea tiba ya viungo Kilifi, akaingia na chai. "Asalaam aleikum," akasema. Mwanamke akasimama, akatoka bila kugeuka.

"Mama, kwa nini yule alikuwa akialisha vidole hivyo?"

Bi Shekha alikuwa akiutafuta ukindu. Usia wa pili wa mama yake ulikuwa kwamba kipimo cha mkono wa mtu hakitoki nyumbani. Mgonjwa akipona, kipimo huchomwa. Ukindu haukuwapo mkekani, wala chini ya mkeka.

Kesho yake vidole vyake viliamka baridi, na keshokutwa baridi ikapanda hadi kwenye kifundo, na akiwa jikoni mchana kweupe, jua likiwaka uani na jirani akipiga soga ukutani, alisikia ta, ta nyuma ya gunia la mkaa, akahamia chumbani na sauti ikahamia chumbani, akatawadha na maji yakanuka kama buchani, na alipojikanda mwenyewe kwa mafuta ya simsim akahisi vidole vingine, vidogo na vyenye subira, vikimfuata nyuma ya vidole vyake, vikishika pale alipoachia, kama mwanafunzi anayerudia somo. Mganga hajigangi. Aliogopa, na alilia, kwa kuwa mikono hiyo ndiyo kitu pekee alichojivunia maishani.

Sumeiya alimleta Maalim Abdulkadir. Akafukiza ubani, akasoma tangu adhuhuri mpaka karibu na alasiri, na kadiri alivyosoma ndivyo ile sauti ilivyoongezeka kasi, ikizunguka kuta, ikipanda darini, ikishuka mlangoni, mpaka ikatoka uani na kupotelea upande wa mto Sabaki.

"Imekwenda," Maalim akanong'ona, jasho likimtiririka. "Tuombe."

Wakainua mikono. Kiganja cha kushoto cha Bi Shekha kilifunguka juu. Cha kulia kilibaki kikiutazama mkeka. Akakaza, mshipa wa shingo ukamtoka, hakikugeuka.

Sumeiya akakishika kigasha cha mama yake, akapapasa kama alivyofundishwa chuoni, toka kiwiko hadi kifundo, akarudia, akarudia tena.

"Mama," akasema taratibu, "wa pili uko wapi?"

Tangu siku ile Bi Shekha haungi mtu. Wiki tatu baadaye akaja Mbeyu, anayemletea mchicha kutoka Sabaki.

"Shikamoo, bibi. Pole na mkono."

"Marahaba. Nishapoa, mwanangu."

"Uje kwetu basi. Tumepata fundi mpya, mwanamke. Mwanangu Dena alivunjika mkono, kamuunga kwa siku tatu. Ana mkono mwepesi! Mtu angedhani ni wewe."

Bi Shekha akashusha kikombe. "Anapima?"

"Anapima kila mtu, hata wazima. Kwetu katupima nyumba nzima, watoto kwa wazee. Zile kindu akazitia kikapuni akaenda nazo."

Bi Shekha aliogopa kuliko alivyouogopea mkono wake mwenyewe. Ufundi ule ni yeye aliyeufundisha, mfupa kwa mfupa, tena kwa furaha.

"Mbeyu, hebu geuza kiganja chako nikione."

Mbeyu akacheka, akaweka mafungu ya mchicha chini, akaunyoosha mkono. Akapinda bega, akainamisha mwili mzima upande mmoja, na kiganja kikabaki kikiitazama ardhi.

"Ni baridi tu hii," akasema. "Imenishika tangu juzi."