Baba wa Ubatizo wa Mtoto wa Evanthia

Paskalis alikuwa ametoka kununua sigara tu. Lakini Ijumaa Kuu jioni mjini Thesaloniki hununui sigara kirahisi: mtaa mzima ulikuwa umefurika watu na mishumaa, na jeneza la maua la Kristo, linalobebwa kwa maandamano usiku huo, lilikuwa limekwama mabegani mwa wanaume katikati ya njia, limeinama kama meza iliyovunjika mguu.

"Wewe mrefu! Ndiyo, wewe! Mbebaji mmoja kateguka mgongo. Ingia hapo."

Aliyemkamata mkono wa koti alikuwa mwanamke mwenye gauni jeusi, nywele kazifunga ovyoovyo, kabeba mtoto kiunoni.

"Mimi si mtu wa kanisani, dada."

"Nani kakuuliza? Bega unalo?"

Bega alikuwa nalo. Alibeba mpaka kanisani, harufu ya nta na ubani tele puani, na walipotua mzigo wanaume wakampiga mgongoni kama mtu waliyekua naye. Mwanamke yule, Evanthia, akamcheka. "Kesho uje kupanga viti."

Akaja. Akaja na Jumapili zilizofuata. Walimjaribu kwenye kwaya. Mzee Argiris, mwimbaji mkuu, akamsihi kwa upole afadhali akauze mishumaa. Akawa mtu wa mishumaa, wa kuchoma nyama siku za sikukuu, wa kupanda ngazi kubadilisha balbu. Na kila jioni simu ililia.

"Muuza mishumaa, umelala?"

"Nitalalaje, roho yangu, na wewe unanipigia?"

"Basi nakata."

"Thubutu!"

Mume wa Evanthia alifariki kabla binti yao hajabatizwa, na kwa msiba ule ubatizo ukaahirishwa. Mtoto sasa alikuwa anatembea, bado anaitwa Bebe tu, kama wote ambao hawajapewa jina majini. Jioni moja Evanthia akasema kwenye simu, sauti imebadilika: "Paskalis, nataka uwe baba wa ubatizo wa Bebe."

Alikubali kabla hajamaliza kusema. Heshima gani ingezidi hiyo? Asubuhi akampasha mzee Argiris habari. Mzee akakunja uso.

"Hongera. Kumbe tulikosea. Tulidhani unamtaka mama."

"Namtaka, mzee."

"Mwanangu, ukishamtoa mtoto majini, mama yake amekuwa ndugu yako. Hakuna padre atakayewafungisha ndoa. Evanthia hajui hilo? Au anajua?"

Paskalis akaondoka akilirudia swali hilo njia nzima. Kama hajui, ni bahati mbaya. Kama anajua, zile simu zilikuwa za nini?

Alimkuta Evanthia anaanika nguo kwenye roshani.

"Ulijua?"

Evanthia akabana shati dogo kambani. "Nilijua."

"Kwa hiyo hunitaki."

"Nani kasema sikutaki?"

"Mbona sikuelewi, mama!"

"Mume hufa, Paskalis. Asipokufa, huchoka. Baba wa ubatizo hata tugombane vipi anabaki wa mtoto. Nilitaka Bebe awe na mtu wa kudumu."

"Na wewe?"

"Mimi nitazoea."

"Basi sitambatiza."

"Unamkataa mwanangu?"

"Simkatai, ila..."

"Toka."

Simu zikanyamaza. Siku ya ubatizo Paskalis alifika bila kualikwa, suti ya bluu imepigwa pasi, akajibanza nyuma ya nguzo. Hata mwenyewe hakujua amefuata nini. Maji ya uvuguvugu yalikuwa yanamiminwa kwenye beseni la shaba la ubatizo.

"Nani anamsimamia mtoto?" padre akauliza.

Evanthia aligeuka, mtoto mikononi, macho yakazunguka kanisani mpaka yakamwona Paskalis. Akimwita mbele ya watu wote hawa, atakataaje?

Evanthia akamkabidhi mtoto mzee Argiris.

Kisha akapaza sauti, kanisa zima likisikia: "Umejificha nini huko? Njoo usimame hapa." Akaonyesha nafasi tupu ubavuni mwake, pale anaposimama baba mzazi.

Paskalis akaenda, masikio yanawaka.

"Hii maana yake nini?" akanong'ona.

"Maana yake naogopa, ila sitaki kuzoea. Nyamaza, padre anasoma."