Mama Mkwe na Somo Yake

Saa moja asubuhi nyumba ya Mama Pacha huwa haikaliki. Pacha mmoja anatafuta soksi, kumbe mwenzake ndiye kazivaa. Baba yao, fundi majokofu, anatafuta bisibisi iliyo mfukoni mwake. Mama mkwe ameketi mlangoni, anatoa amri kwa kila apitaye. Na katikati ya vurugu hiyo Mama Pacha anakunja nguo kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika daftari, na midomo inamcheza.

"Unasali au unasoma?" mama mkwe akauliza.

"Nakariri, mama."

Kwa miaka saba Mama Pacha alikuwa karani wa mapokezi kwenye zahanati. Zahanati ikafungwa. Akakaa miezi mitatu bila kazi, kisha akajiunga na kozi ya kuandika programu. Programu ni maagizo ambayo mtu anaiandikia kompyuta, nayo inayafuata moja baada ya jingine. Kozi ilikuwa ya wiki kumi na mbili, kutwa nzima, siku tano kwa wiki. Wiki ya sita kulikuwa na jaribio. Atakayeshindwa, safari yake inaishia hapo.

Na sasa ilikuwa wiki ya tano.

Hakuwa mvivu, jamani. Alikuwa amejaza madaftari matatu. Kila alichoandika mwalimu ubaoni, yeye alikinakili kwa mwandiko wa kupendeza, akakikariri mpaka nukta ya mwisho. Shuleni alifaulu hivyo. Lakini kompyuta haijali mwandiko wa mtu.

Ijumaa mambo yakaharibika. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mfupi, ambaye darasa lilimpa jina la Kwa Nini. Siku hiyo aliwapa zoezi la jana, ila alilibadilisha kidogo. Jana programu iliorodhesha vitabu. Leo iorodheshe wagonjwa. Mama Pacha akaandika alichokariri. Maneno mekundu yakajaa kwenye kioo cha kompyuta. Akafuta, akaandika yale yale. Mekundu tena. Akaona haya kuuliza, maana waliomzunguka walikuwa vijana watupu, vidole vyao vinakimbia juu ya vitufe.

Kwa Nini akasimama nyuma yake.

"Huu mstari wa nne unafanya kazi gani?"

"Ndivyo ulivyouandika ubaoni, mwalimu."

"Najua nilivyouandika. Nakuuliza unafanya nini."

Mama Pacha akainamisha kichwa. Ilimshika aibu ya mtu mzima, ambayo ni nzito kuliko ya mtoto.

Wakati wa kutoka, mwalimu akamzuia mlangoni.

"Jaribio ni Jumatano. Ukija na kichwa kilichojaa maneno yangu, utaanguka. Nakwambia mapema usije ukanilaumu."

"Sasa nifanyeje, mwalimu? Mimi kukariri ndiko nilikozoea."

"Funga hayo madaftari. Andika programu yako mwenyewe, ya kitu unachokijua. Maneno mekundu yasome. Hayakutukani, yanakuonyesha mstari wenye kosa. Ukikwama, jaribu mwenyewe nusu saa. Ukishindwa, uliza bila haya. Na kila unachoandika mweleze mtu asiyejua kompyuta, mstari kwa mstari. Pale utakapogugumiza, ndipo ambapo hujaelewa."

"Nyumbani kwangu nani atakaa kusikiliza hayo?"

"Hilo sasa ni lako."

Asiyejua kompyuta alikuwepo. Shida ni kwamba tangu siku ya kwanza mama mkwe alikuwa akisema kozi ile ni mchezo wa kukalia kiti. Lakini Mama Pacha alikwisha kata shauri: darasani hatoki. Jumamosi asubuhi akaweka kompyuta kando ya meza ambapo mama mkwe alikuwa anapiga pasi.

"Mama, naomba unisikilize kidogo."

"Masikio yapo bure. Mikono ndiyo ina kazi."

Alikuwa ameamua kuandika programu ya foleni ya zahanati. Akaanza kueleza. "Mgonjwa anafika, naandika jina lake. Kompyuta inaweka saa aliyofika na zamu yake." Kufika mstari wa kumi na mbili akagugumiza. Maneno mekundu nayo yalitaja mstari huo huo. Akautazama vizuri. Alikuwa amefungua mabano, hakuyafunga.

"Kumbe!" Akayafunga. Mekundu yakatoweka.

"Haya, niandike mimi," mama mkwe akasema. Jina lake likatokea, zamu ya kwanza. Akatabasamu, akajizuia. "Na somo yangu je?"

"Somo lako? Mama, nawe unataka kusoma?"

"Nisome nini na magoti haya! Nasema somo yangu, mwenye jina kama langu, yule mshonaji wa nyumba ya pili. Tumefanana mpaka jina la baba. Akiitwa yeye, nainuka mimi. Mwandike naye."

Mama Pacha akacheka mpaka machozi. Akaandika jina lile lile mara ya pili. Kicheko kikakatika. Kwenye orodha alibaki mtu mmoja tu. Wa pili alikuwa amemfuta wa kwanza.

"Umenifuta?" Mama mkwe akaweka pasi pembeni. "Nimewahi foleni, halafu nafutwa?"

"Kosa langu, mama. Nimeiambia itambue watu kwa majina."

"Kwani kule zahanati mlikuwa mnafanyaje?"

"Kila mtu alikuwa na kadi yenye namba yake..." Akakatiza. Alikuwa amejijibu mwenyewe.

"Basi iambie hivyo," mama mkwe akasema, akarudia shati lake.

Haikuwa rahisi. Alihangaika nusu saa, akakwama, akampigia simu mwanafunzi mwenzake. "Sijui namna ya kuweka namba ya kadi," akamwambia waziwazi. Mwenzake naye hakujua. Wakatafuta pamoja, wakapata.

Jumatano alisimama mbele ya Kwa Nini na mtahini mgeni. Programu ikaenda vizuri. Mtahini akauliza, "Na mgonjwa akiondoka kabla ya kuitwa?"

Hilo Mama Pacha hakulifikiria. Wiki moja nyuma angeinamisha kichwa.

"Sijui bado," akasema. "Naomba dakika ishirini."

Akakaa, akaanza kujieleza kwa sauti, mstari kwa mstari. Wawili watatu wakacheka, hakuwajali. Mekundu yakaja, akayasoma, akarekebisha. Dakika ya kumi na saba mgonjwa aliyeondoka akatoka kwenye orodha, na waliobaki wakasogea mbele.

"Kwa nini imefanya kazi?" mwalimu akauliza.

Mama Pacha akamweleza mwanzo mpaka mwisho, bila kugugumiza. Mwalimu akaandika neno moja mbele ya jina lake: Anaendelea.

Kozi haigawi kazi, na mwalimu aliwaambia hilo mapema. Baada ya wiki ya kumi na mbili Mama Pacha aliomba kazi sehemu tisa. Nane zilimkataa. Ya tisa ilikuwa ofisi inayotengeneza programu za zahanati. Walimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu, kwa kuwa foleni anaijua ndani nje.

Siku ya kwanza mama mkwe alimsindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Na huko wakikuuliza usilolijua?"

"Nitasema silijui, mama. Halafu nitakaa nalo mpaka nilijue."