Kaseti Iliyofyonza Jua la Uani

Jua lilikuwa utosini, na shuka zilizoanikwa tangu asubuhi zilikuwa bado zinachuruzika. Dobi alizishika moja moja, akasonya. Zilikuwa baridi kama zimetolewa kisimani sasa hivi, na zilinuka chumba kilichofungwa miaka. Ng'ambo ya ukuta, wifi yake alikuwa anakunja mataulo yaliyokauka mpaka yakakakamaa.

"Wifi," yule alichungulia, "siku hizi unafua au unaloweka tu?"

"Muulize kaka yako."

Kaka mtu, fundi redio mwenye mvi na miwani, alikuwa amekaa katikati ya kamba juu ya beseni lililopinduliwa, ameinamia gemu ya mkononi kama kuku anayeatamia. Gemu hiyo aliitoa kwenye gunia la vyuma chakavu, pamoja na kaseti zake tatu. Kila kaseti ilikuwa na kijicho cha kioo mgongoni, na kijicho hicho lazima kitazame jua la kweli, jua hili la Mungu, ndipo mwindaji wa mazimwi aliyemo ndani apate mwanga wa kujaza bunduki yake. Ukicheza chumbani, bunduki tupu, mwindaji analiwa. Aliyeibuni huenda alitaka kuwatoa watoto nje. Aliyetoka ni mume wa mtu, na redio za watu zikalala mezani matumbo wazi.

Kaseti ya kwanza Fundi aliimaliza kwa wiki moja. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu haikuwa na karatasi ya jina, na kijicho chake kilikuwa cheusi.

"Vimebaki vijumba viwili vya mwanga bunduki ijae," alisema bila kuinua kichwa.

"Uliniambia hivyo Jumatatu. Leo Ijumaa."

"Vikikaribia kujaa vinapungua."

"Basi acha."

"Nitaachaje na vimebaki viwili?"

Ukimpiga mtu wa namna hiyo, unaumiza mkono wako bure. Dobi akarudi kwenye kamba zake.

Saa tisa alasiri alipita katikati ya shuka, na hapo ndipo aliposikia mtu anafyonza, fyuu, kama mzee anayekunywa chai ya moto, na kila mfyonzo ulipoingia shuka zilififia weupe na joto likamtoka mgongoni, akageuka akidhani ni wifi yake anamfanyia mzaha, akaona vivuli vya shuka chini, kivuli cha beseni, kivuli chake mwenyewe, na pale alipokaa mume wake, mtu mzima mwenye tumbo lake, ardhi ilikuwa nyeupe tupu kama hakuna aliyekaa. Akamwinamia begani. Kwenye skrini hakukuwa na mwindaji wala zimwi. Kulikuwa na uani, kamba nne, shuka, na mtu mdogo aliyekaa juu ya beseni. Fundi alipobonyeza kitufe, yule mtu mdogo alipauka kidogo.

Alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi na unyevu, kama soksi.

Mganga waliyemwita aliitwa Mzee Makoti, kwa sababu alivaa makoti mawili hata kwenye joto. Aliitazama ile gemu kwa mbali, hakuigusa.

"Ni jini la giza," alinong'ona. "Linakunywa jua kwa kidole cha mume wako. Akibonyeza, linapiga funda. Kivuli kimeshakwisha, mwanangu. Kinachofuata ni mwenyewe."

"Sasa tufanyeje?"

"Mfungie ndani. Hicho kidude kibane kwenye kamba, jicho juu, pasiwe na wa kubonyeza. Jua litaliingia bila kipimo mpaka lipasuke. Usikianue kabla jua halijazama lenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee. Si kiziwi."

Kesho yake mchana alikibana kwa vibanio vinne, katikati ya mashati. Fundi aliletewa kiti dirishani, mlango ukapigwa komeo. "Mke wangu," alibembeleza kupitia nondo, "viwili tu." Kidude kilianza kulia kama birika, kikavimba, na dirishani, kwenye ukuta nyuma ya Fundi, kivuli kikaanza kuota kutoka chini: nyayo, vifundo, magoti. Mashavu yake yakarudiwa na rangi. Dobi alikaa kwenye ngazi, hakuthubutu hata kukohoa.

Saa kumi na moja tone lilimdondokea mkononi. Likaja la pili, la tatu, na harufu ya vumbi lililolowa ikapanda, na kwa mwanamke aliyefua nguo za watu miaka thelathini tone la mvua halisubiri kufikiriwa, miguu iliondoka kabla yake, mikono ikapita kambani ikizoa mashati, shuka, mito, vibanio vikiruka huku na huku, akakimbia na mzigo mpaka mlangoni, na ni pale tu, kifuani, aliposikia kitu kigumu kinaacha kulia.

"Wifi," aliita yule wa ng'ambo, "unaanua nini jua lote hili?"

"Mvua."

"Mvua gani?"

Ardhi ilikuwa kavu. Mkono wake ulikuwa mkavu.

Aligeuza kile kidude. Skrini ilikuwa imekufa, na mahali pa kaseti palikuwa wazi. Kaseti haikuwamo kwenye mashati, wala chini ya kamba, wala popote. Kivuli cha Fundi kiliishia magotini, na hapo kikabaki.

Mzee Makoti alirudi, akatazama, akafunga vifungo vya makoti yote mawili. "Jini limekuchezea mvua. Mara ya pili halidanganyiki."

"Kwa hiyo?"

"Mwanike yeye."

"Hiyo ndiyo dawa yako?"

Alikuwa ameshafika barabarani.

Basi kila asubuhi Dobi alimtoa mume wake uani, akamkalisha juani, akamgeuza mgongo na tumbo, na nguo za watu zikangoja. Siku ya nne Fundi alisema kwa sauti ndogo, "Mwambie huyo asogee."

"Nani?"

"Aliyesimama mbele yangu. Ananikinga jua."

Uani hakukuwa na mtu. Dobi alikuwa amechoka na mganga, amechoka na wifi, amechoka na huyu mume aliyekaa kama gunia. Akauambia ule utupu, "Sogea huko."

Mwanga ukampiga Fundi usoni. Akafumba macho kwa raha.

"Kasogea," alisema.

Dobi alitaka kumuuliza kasogea wapi, lakini baridi ilikuwa imeshamshika shingo, na nyuma ya sikio lake mtu akafyonza, kidogo tu, kama anayeonja.