Maji Chini ya Jiko la Bibi Trifena

Twaanza kwa jina la Mola, aliyeiwekea bahari mipaka, tukimwomba ulimi usioiogopa kweli. Watu wa kisa hiki ni wanne: Drusila, msichana wa miaka kumi na miwili, bibi yake, Trifena, mjomba wake, Garland, na Bi Corkum, mgeni aliyetafuta nyumba ya kununua. Kijiji chao ni Pelley, pwani ya Newfoundland.

Kila asubuhi Drusila aliwasha jiko la kuni, akateleka chai, kisha akautazama ukungu dirishani. Mama yake alikuwa mjini, akisafishwa damu kwa mashine hospitalini, na baba alikuwa naye. Nyumba waliyoishi na bibi isipouzwa, wasingepata makao huko, wala Drusila asingeishi tena na mama yake. Kibao cha kuuza kilisimama nje majira yote ya joto, na hapakuja mtu. Drusila alijiona kama samaki aliyeingia demani, mtego usio na njia ya kutokea.

Bi Corkum alifika siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Chini ya sakafu ya jikoni palikuwa na shimo la kuwekea viazi, na kila bamvua maji yaliingia humo. Garland alitandika mkeka juu ya kifuniko, akaweka kiti.

"Kaa hapo ufume soksi. Usinyanyuke hata nyumba ikiungua."

"Na akiuliza, mjomba?"

"Leo wewe bubu. Mama yako humtaki?"

Mara mgeni akabisha mlango wa mbele, usio na ngazi.

"Zunguka nyuma, mama, utavunjika shingo!" Trifena akamwita, akicheka. "Mlango huo sisi twatolea majeneza tu!"

Bi Corkum alizunguka, akaingia jikoni, akapapasa kuta kwa furaha. "Hapa ndipo nitakapozeekea," alisema. "Kwingine sina tena."

Drusila alisikia maji yakigonga mbao chini ya nyayo zake. Akaweka soksi kando. Amwache mtu anaswe palepale aliponaswa yeye? Akainuka, akaukunja mkeka, akafunua kifuniko. Viazi vilikuwa vimezama majini.

"Bahari huingia kila bamvua," alisema, machozi yakimtoka.

"Umetumaliza!" Garland akafoka.

Bi Corkum akashusha pumzi. "Basi siwezi kuinunua. Si hapa ilipo."

"Nani kakwambia itabaki hapa?" Trifena akauliza. "Garland, babu yako aliileta nyumba hii kutoka kisiwani, ikielea! Wewe waogopa kuivuta hadi shamba langu la viazi, pale juu?"

Jumamosi kijiji kizima kilikuja na kamba na magogo. Wakaimba, wakavuta, nyumba ikapanda taratibu, Bi Corkum naye akivuta pamoja nao. Jioni ilikaa mahali pakavu, na mgeni akainunua; Trifena akahamia kwa Garland, jirani.

Garland alivua kofia. "Nisamehe, binti. Aibu ilikuwa yangu, nikakukalisha wewe juu yake."

Trifena akamshika mjukuu wake mkono. "Ungenyamaza, mwanangu, ungempata mama yako, na mwenzetu huyu angelala juu ya maji akitulaani. Shida tuliyoificha, nani angetusaidia? Ulipoifunua, kila mtu alishika kamba. Sema kweli, hata pale unapoona itakuponza."

Drusila akaenda kwa mama yake. Nao waliobaki Pelley, Trifena, Garland na jirani yao mpya, Mola awape sakafu kavu, moto usiozimika jikoni, na majirani wenye mikono myepesi. Amina.