Kisukumo na Wageni Wasiopiga Hodi

Kwenye kidole kidogo cha mguu wa Zawena kuna chumba kidogo mno. Kinaitwa seli. Ukuta wake ni utando laini, na mlangoni anakaa bawabu wake, Kisukumo.

Kazi yake ni moja. Kutwa kucha anaimba:

"Chumvi watatu, nje.
Potasiamu wawili, ndani.
Hiii, sukuma!"

Kazi nzuri, ila nje kumejaa Chumvi tele. Wakishaingia, kutoka hawataki. Kuingia wanaingia wenyewe, tena bila hodi.

Siku moja Chumvi mmoja alinuna. "Wewe mwenyeji gani, unafukuza wageni? Kwenu hukufundishwa? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Kisukumo aliona haya. Kwao alifundishwa adabu. Akaweka mikono nyuma, akasema, "Haya, karibuni."

Wakakaribia. Chuu, chuu, chuu. Wakamwita rafiki yao Maji. Maji akaja na ukoo mzima. Tiririri.

Seli ikavimba. Ikavimba tena. Utando ukalia nyeee. Mwenyeji alikuwa anapona kwelikweli.

"Wageni wangu," alisema Kisukumo, amebanwa ukutani, "nyumba itapasuka."

"Usijali," walijibu Chumvi. "Sisi hatuna haraka."

Kisukumo aliogopa sana. Hakuwa na nyumba nyingine. Akajaribu kuimba, "Hiii..." Nguvu hakuna.

Nguvu hutoka kwenye chakula. Na Zawena alikuwa amesusa uji wa jioni, eti una madonge.

Bibi yake hakumbembeleza. "Usipokunywa, nakunywa mimi," alisema, akanyoosha mkono.

Zawena akakiwahi kikombe. Gulu, gulu, gulu. Madonge nayo yakapita.

Nguvu ya uji ikasafiri, ikasafiri, ikafika kidoleni. Kisukumo akajifunga kibwebwe.

"Chumvi watatu, nje.
Potasiamu wawili, ndani.
Hiii, sukuma!"

Chumvi wakatoka wakinung'unika. Maji akawafuata na ukoo wake. Seli ikanywea, ikakaa sawa.

"Kwaherini," alisema Kisukumo kwa adabu. "Karibuni tena."

Wakarudi hapohapo. Safari hii hakuweka mikono nyuma.

Usiku ulipoingia, Bibi alimfunika Zawena shuka. "Lala, mjukuu wangu. Sasa mwili wote unapumzika."

"Wote, Bibi?"

"Wote. Mpaka kidole cha mwisho."

Chini ya shuka, kwenye kidole cha mwisho, Kisukumo alisikia. Alicheka kidogo. Kisha akaimba polepole, asije akamwamsha mtu:

"Chumvi watatu, nje.
Potasiamu wawili, ndani.
Hiii... sukuma."