Sauti Nyuma ya Tela

Mama mdogo alikuwa amekwisha nyamaza, lakini sauti ya kuita ikaendelea.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia, msitafute kwingine. Cheche, yule fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa anarudisha tela lake kinyumenyume likae chini ya miti kando ya mto, pale watu wanapopiga kambi. Nyuma alisimama mdogo wa marehemu mkewe kumwongoza. "Rudi! Rudi! Njoo, njoo shemeji, bado, njoo!" Tela likafika pake, mama mdogo akasema basi, akainama kuchomoa mwiba kwenye kandambili. Tela halikusimama. Huko mitini sauti ya mwanamke ikawa inaita polepole, kama mtu asiye na haraka na lolote, "Rudi... rudi... njoo," na Cheche akafuata, akafuata, mpaka tela likajibamiza kwenye mti na sufuria zote ndani zikalia.

"We kaka, macho umeacha nyumbani?" dada yake akashuka garini na mikono kichwani.

"Nimeambiwa njoo," Cheche akasema.

"Na nani? Mimi nimesema basi zamani!" mama mdogo akajibu.

"Wewe? Wewe hujawahi kusema basi tangu uzaliwe."

Basi wakaanza. Hawa wawili, shangazi wa mtoto na mama mdogo wa mtoto, hawakuwa wanaivana tangu siku ya mazishi. Walikuwa wanagombania nani amlee Kidoti. Shangazi anasema ni damu ya kaka yangu, mama mdogo anasema ni mtoto wa dada yangu, na mtoto mwenyewe, miaka saba, amekaa katikati anatafuna kucha. Cheche alikuwa bado kwenye usukani, anaangalia kioo cha pembeni.

Tela lile alilichomelea mwenyewe, miaka miwili, kwa vyuma vya lori bovu. Vitanda viwili, rafu ya jiko, dirisha dogo. Mkewe alikuwa fundi cherehani, akashona foronya za magodoro na mapazia. Pazia moja hakulimaliza, pindo lilifika nusu, kifua kikambana. "Nikipona tutakwenda wote mtoni," alimwambia mumewe. Hakupona. Siku anakata roho Cheche alikuwa mbali, anachomelea geti la watu. Mkewe alimpigia simu, "Baba Kidoti, rudi nyumbani." Akamjibu, "Kesho, mke wangu, nimalizie hapa." Kesho yake alirudi akakuta watu wamekaa mikekani.

Kwa hiyo safari hii ilikuwa ahadi. Na ilianza kwa vituko tu. Walibeba jiko, wakasahau kiberiti. Walibeba hema, vyuma vya kulisimamisha vikabaki vimeegemea nyuma ya mlango nyumbani. Gurudumu la tela likapasuka njiani jua la utosi, jeki ikatafutwa nusu saa, kumbe iko chini ya magodoro, na magodoro yako chini ya magunia, na juu ya magunia ndipo shangazi alipotaka kupanda kukagua vizuri. Hata Kidoti alicheka siku hiyo. Walipoingia kambini, mwanamke mmoja muuza kuni aliwakimbilia anagonga debe, anagonga kweli kweli, mishipa ya shingo imemtoka. Shangazi akampungia mkono. "Tumekuona mama, tutanunua kesho!" Wakampita.

Siku ya pili, mchana, Kidoti alilala ndani ya tela. Shangazi alikuwa nje anasugua sufuria kwa mchanga. Akasikia trrr. Kimya. Trrr, trrr. Akaacha kusugua. Ule ulikuwa mlio wa cherehani ya kukanyaga kwa mguu, na cherehani ya marehemu ilikuwa nyumbani, imefunikwa shuka. Halafu ikamjia harufu, mafuta ya mashine na nguo iliyotoka kupigwa pasi. Akachungulia dirishani. Mtoto amelala peke yake, anatabasamu.

Jioni akamshika kichwa amfumue amsuke upya. Kidoti alikuwa na misuko sita. Akahesabu mitano. Wa sita ulikatwa kwenye shina, safi, kama kwa mkasi wa fundi.

"Nani kakukata?"

"Mama."

Shangazi akamgeukia mama mdogo. Mtoto yule hata mama mdogo wake alikuwa akimwita mama, sasa mwingine angefikiri nini?

"Umekata nywele za mtoto wa kaka yangu! Unapeleka wapi? Kwa nani?"

"Wifi, uniombe radhi! Nikate nywele za mtoto wa dada yangu nile?"

"Nyamazeni," Cheche akasema. Ndilo neno lake la kwanza tangu asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa tela, hali, hanywi, uso umetulia kama wa mtu aliyepata barua nzuri. "Nywele zitaota."

Siku ya tatu misuko ikabaki mitatu. Mama mdogo, kwa vile alikwisha tukanwa, akaingia ndani ya tela kutafuta huo mkasi mwenyewe. Hakuona mkasi. Aliliona pazia. Lile pindo la dada yake, lililoishia nusu, yeye alikuwa analijua vizuri maana alililia sana siku za msiba, sasa lilikuwa limepindwa mpaka karibu na mwisho. Imebaki shubiri moja. Mishono ni ya dada yake, midogo, imejipanga. Lakini uzi ni mweusi, laini. Akauchomoa kidogo, akautoa nje, akauwasha kwa njiti ya kiberiti cha kuazima, kama mafundi wanavyopima uzi wa pamba na wa nailoni. Ukajikunja. Ukanuka nywele.

Akamwendea shangazi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akamshika mkono.

"Wifi," akanong'ona, "tuondoke. Tumchukue mtoto tuondoke sasa hivi, usiniulize."

Shangazi alinusa ule uzi, hakuuliza. Wakamwambia Cheche awashe gari. Akawasha, likakohoa, likanyamaza. Akafungua boneti, akainama, akasema limekufa.

"Fundi mzima, likufie mkononi?" shangazi akasema.

"Limekufa, dada."

Ndipo wakakumbuka muuza kuni. Walimkuta anapanga mizigo yake, na alipowaona wanakuja wote wawili mikono imeshikana, akakaa chini.

"Mlimwita, siyo?" akauliza.

"Hatukumwita mtu, mama," mama mdogo akasema. "Tulikuwa tunarudisha tela."

"Kwa mdomo?"

"Sasa tela linarudishwaje?"

"Hapa tunagonga debe. Mara moja njoo, mara mbili simama. Niliwagongea mpaka mkono ukafa ganzi, mkanipungia." Shangazi akatazama chini. "Huyo wa pale mtini hana sura yake wala sauti yake. Anangoja mtu aitwe. Akisikia rudi, akisikia njoo, anaangalia moyoni mwa dereva kuna nani, anavaa. Tela halina nafsi, haliwezi kuitika, kwa hiyo anaitika yeye. Dereva wenu alikuwa na nani moyoni?"

Walirudi naye mbio.

Muuza kuni akasimama mbele ya Cheche. "Uliona nini kwenye kioo?"

Uso wa Cheche, ule uliotulia, ukabomoka.

"Nilimwona," akasema. "Amefunga kile kitambaa chake cha bluu, ananipungia, rudi, rudi. Ningewezaje kukanyaga breki?" Akaingiza mkono mfukoni, akatoa waya wa betri. Alikuwa ameuchomoa mwenyewe. "Anakuja mchana mtoto akilala. Mimi nakaa hapa mlangoni namsikiliza akishona. Nilisema akimaliza pindo tu, basi. Nimsikilize akimaliza."

"Na nywele uliziona?" dada yake akamuuliza.

"Niliziona."

Shangazi akampiga kofi. Halafu akamkumbatia, halafu akampiga tena.

"Sikia," muuza kuni akasema. "Pindo likiisha, anaondoka na mwenye nywele. Dawa mimi sina, wala kisomo cha mtu mwingine hakimtoi. Aliyemkaribisha ndiye atamtoa, kwa kinywa chake, mara tatu. Na usimwite jina la mkeo. Ukilitaja tu, umempa mtoto."

"Kidoti yuko wapi?" mama mdogo akauliza.

Mlango wa tela ulikuwa umefungwa kwa ndani. Trrr.

Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, watu wa kambi ya pili wanafua nguo mtoni wakicheka, na hapo hapo, hatua kumi tu kutoka kwenye kicheko chao, cherehani isiyokuwepo ilikuwa inakimbia kama inakimbizwa, na harufu ya mafuta ya mashine ikatoka kwenye mianya ya mlango ikawajaa puani na mdomoni mpaka mama mdogo akatapika, na ndani Kidoti alikuwa anaimba, anaimba wimbo wa kuhesabu vifungo ambao marehemu alimtungia mwenyewe, na sauti ya pili ilikuwa inamwitikia.

Cheche akashika mlango. "Ondoka," akasema.

Cherehani ikasimama. "Baba Kidoti," ikasema ile sauti, na ilikuwa ni yeye, na ule mkwaruzo wa kifua wa siku za mwisho upo, "nimebakiza kidogo tu. Nimalizie hapa."

Cheche akapiga magoti. Neno lile lilikuwa lake, alilomwambia kwenye simu.

"Usimsikilize, shemeji," mama mdogo akawa analia. "Siyo dada. Dada asingemkata mtoto nywele."

"Ondoka. Sikujui," Cheche akasema.

"Hunijui? Nani alikufuta masizi usoni kila jioni? Siku ile nilikwambia rudi, ukaniambia kesho, nikakungoja mpaka kucha zikapoa, sikukulaumu, leo nimekuja mwenyewe kwa miguu yangu, nimekuja kwa kuwa uliniita, na mbele ya dada yako na mdogo wangu unanisimamisha mlangoni kama mwombaji, Baba Kidoti, mimi nimekukosea nini?"

Trrr, ikaanza tena, polepole, za mwisho mwisho. Na Kidoti ndani akasema kwa furaha, "Baba, ingia! Mama anamaliza!"

Cheche akaweka paji la uso kwenye chuma cha mlango, chuma alichokichomelea mwenyewe, akafungua mdomo akaufunga, akafungua tena, na alipolitoa alilitoa kwa sauti kubwa mpaka wafua nguo mtoni wakanyanyuka, akasema, "Ondoka kwangu! Sikutaki! Umekufa, nenda!"

Cherehani ikasimama. Halafu mtoto akapiga ukelele, "Mama, usiende!" na mlango ukafunguka wenyewe kwa kishindo. Hakuna aliyeona kitu kikitoka. Waliona majani tu, majani ya mbele ya tela yanalala chini moja baada ya jingine, kama anapita mtu anayeburuta gauni, mpaka mitini. Harufu ikakatika.

Kidoti alikuwa kitandani, kichwani msuko mmoja. Baba yake alipomchukua alimng'ata mkono, akampiga, akamkwaruza uso mpaka damu. Cheche hakujikinga.

Pazia walilichoma moto pale pale, Cheche akaurudisha ule waya wa betri. Muuza kuni akawatoa kwa debe lake, mara moja njoo, mara mbili simama, na hakuna aliyefungua mdomo mpaka wakafika barabarani. Mama mdogo ndiye aliyevunja ukimya. Akasema, "Ni mimi niliyesema rudi."

"Ulikuwa unaongoza gari," shangazi akamjibu. "Lala kidogo, mdogo wangu. Mtoto mpe mimi, mikono yako imechoka." Wakampakata kwa zamu njia nzima, na suala la nani amlee halikusemwa tena.

Lakini Kidoti hakusema na baba yake. Siku nzima ya kwanza, hata maji akiletewa na baba hanywi, anangoja aletewe na mtu mwingine. Siku ya pili karibu na nyumbani, foleni imejaa, magari yanasukumana, akasimama nyuma ya kiti cha dereva, akamwinamia sikioni.

"Baba."

"Naam, mama." Cheche karibu aachie usukani kwa furaha.

"Mimi nikifa, nikija kukuona, utanifukuza na mimi?"

Gari likazimika katikati ya barabara. Nyuma watu wakapiga honi, wakatukana, dereva mmoja akashuka akaja kugonga kioo kwa ngumi, alipoona uso wa yule mwanamume akarudi garini kwake taratibu akawaonyesha wenzake wapite pembeni.

"Mjibu mtoto, kaka," shangazi akanong'ona.

Leo ni miaka mitatu, na bado hajamjibu. Kidoti nywele zimeota zimefika mabegani, anakula, anasoma, na baba yake anamsalimia shikamoo baba, basi, kama anavyomsalimia jirani. Shangazi amewahi kwenda karakana kumwambia kaka yake aketi na mtoto, amweleze yule alikuwa nani.

"Nimweleze nini?" Cheche akamwambia. "Mimi mwenyewe, dada, sina hakika."

Akashusha ile ngao ya uso ya kuchomelea, akawasha moto, na shangazi akageuka upande kwa sababu mwanga ule unaumiza macho.