Mapafu Yaliyoibwa Kibondo

Mapafu yalikuwa yametoweka. Katikati ya ukumbi wa maonyesho palibaki fremu ya nyaya, kompyuta ndogo na chengachenga nyeupe za uyoga sakafuni.

Inspekta Lusajo, mpelelezi wa wilaya, alichuchumaa akaziangalia. Alikuwa ameyaona mapafu yenyewe siku ya ufunguzi. Msanii Firdausi, binti wa mwenye duka mmoja wa Kasulu, aliyaotesha kwa uyoga juu ya maranda ya mbao, mpaka nyuzi zake zikashikana kama nyama. Ndani alitia spika na mota. Mtu akisogea, kihisi kilimtambua, na mapafu yakaanza kutanuka na kunywea, yakihema kwa sauti ya mtoto.  Wiki ijayo yalikuwa yapelekwe Dar es Salaam.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi na mlinzi, Pasikali," alijibu Firdausi. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia.

Kitasa hakikuvunjwa. Nyaya hazikukatwa, zilichomolewa taratibu, zikalazwa pembeni. Lusajo alichukua alama za vidole, kisha akataka kuona kumbukumbu za kihisi kwenye kompyuta. Jana mchana, ukumbi ukiwa umefungwa kwa chakula, mtu mmoja aliketi mbele ya mapafu muda mrefu bila kujongea. Halafu kumbukumbu zikakoma. Juzi mchana pia mtu aliketi pale. Na siku zilizotangulia, vivyo hivyo.

Mwizi gani huyu, alijiuliza Lusajo, anayekuja kukaa na kitu kabla ya kukiiba?

Aliuliza sauti ile ilitoka wapi. Firdausi alisema ni ya mtoto mgonjwa wa kambi ya wakimbizi, aliirekodi zamani, jina halikumbuki. Alijibu upesi mno, akageukia dirishani.

Pasikali alihojiwa getini. Alishikilia kwamba mchana hatoki hapo, kwani chakula huletewa.

"Na nani?"

Mlinzi aliangalia viatu vyake.

"Na nani, Pasikali?"

"Mke wangu, afande."

"Huwa anaingia ndani?"

"Siku ya kwanza nilimfungulia mwenyewe. Alitaka kuona hicho kitu kinachohema. Alitoka akilia, hakuniambia sababu."

Mkewe aliitwa Niyomwungere. Alikimbia Burundi na binti yake mdogo, wakapokelewa kambi ya Mtendeli, na mtoto akafia huko. Pasikali alimwoa baadaye, kabla kambi haijafungwa.

Lusajo alikwenda nyumbani kwake kwa gari la polisi. Firdausi aliomba kufuatana naye. Walimkuta mwanamke ameketi nyuma ya nyumba, kando ya shamba la maharage, mbele ya tuta dogo la udongo mbichi. Hakuinuka. Lusajo alimwonya kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema laweza kutumika mahakamani.

"Nimechukua mimi," alisema Niyomwungere. "Mume wangu hana kosa. Ufunguo niliuchukua akiwa anakula, nikatoka nayo ndani ya kikapu cha chakula."

Alieleza bila kuharakishwa. Pumzi ile ilikuwa fupi, ikikwama kidogo, kisha ikimalizia kwa mluzi mwembamba. Binti yake, Ange, alihema hivyo mpaka mwisho. Akawa anarudi kila mchana kukaa naye. Aliposikia kwamba yanasafirishwa, hakuweza kuvumilia. Kule Mtendeli vichaka vimefunika makaburi. Alikwenda kulitafuta la mwanawe, hakuliona.

"Nimeyazika hapa. Hapa nitakuwa namwona," alisema.

Kisha akamtazama Firdausi, akamtazama tena.

"Ni wewe. Ulikuwa mwanafunzi. Ulikuja na simu, ukaniambia nimshike mtoto akae wima, sauti ipelekwe kwa daktari."

"Ndiyo, mama."

"Daktari alisema nini?"

Firdausi aliketi kwenye udongo.

"Sikumpelekea. Gari letu la kurudi Kasulu lilikuwa linaondoka. Nilisema nitamtumia kesho yake, nikasahau. Miaka ilipita, nikaikuta kwenye simu. Sikutaka kuuliza kama mtoto alipona."

Niyomwungere aliweka kiganja juu ya tuta.

"*Umwana wanje*," alisema kwa lugha ya kwao, akimwita mwanawe. "Kumbe wamemsikia watu wote, isipokuwa daktari."

Lusajo alikuwa amezoea maungamo. Siku hiyo alipata mawili, na sheria ilikuwa na kifungu kwa moja tu. Firdausi aliondoa malalamiko yake palepale. Akatoa simu, akauliza kwa sauti ya chini kama aifute ile pumzi.

"Usifute," alisema Niyomwungere. "Mpelekee daktari sasa. Nataka kujua."

Lusajo alijaribu kumshauri kwamba majibu hayatamsaidia. Hakusikia. Ikabidi awapeleke wote wawili hospitali, kwa daktari Herieth, aliyezoea kuwaandikia polisi ripoti za majeruhi. Mama yule alimweleza umri wa mtoto, homa ilivyoanza na siku alizokataa kula. Daktari alivaa spika za masikioni, akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho. Alirudia mara ya pili.

Alipozivua, alimtazama Lusajo kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"Sema tu, daktari," alisema Niyomwungere.

"Ni nimonia, mama. Kwa hali hii niliyoisikia, angechomwa sindano mapema, huenda angepona."

Niyomwungere aliitikia kwa kichwa. Alijifunga kanga yake vizuri, akamshukuru daktari, akatoka peke yake.